Meza ya Misumari na Meza ya Kijani

Ndugu wahariri wameniomba niandike juu ya michezo ya wakati wetu. Hapana shaka walitegemea makala juu ya kandanda, maana sikumbuki toleo la gazeti hili lililopita bila habari za kandanda, na kila mwaka idadi ya mabao tuliyowafunga wenzetu huongezeka. Hayo nawaachia waliokuwa uwanjani. Mimi nataka kuandika juu ya mchezo ambao haukuwa na kombe, wala mwalimu wa michezo, wala nafasi katika ratiba ya shule: mchezo wa kusukuma mpira mdogo juu ya meza na kuutazama unakokwenda.

Ninazo sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba historia ya mchezo huu ni ndefu, nayo inaigusa nchi hii, na hata wilaya hii ya Babati, kuliko watu wengi wanavyodhani. Ya pili ni kwamba kamati ya umoja wetu imepokea pendekezo la kununua meza ya pool na kuiweka katika bwalo la shule, na nasikia maneno makali yamekwisha semwa na pande zote mbili. Mzee mmoja kati yetu ameandika kwamba tunataka kuwafundisha watoto uhuni. Ni vema basi tukaujua mchezo wenyewe kabla hatujaupigia kura.

Waliokaa bwenini kati ya mwaka 1994 na 1997 hawajaisahau meza ya misumari. Babati wakati ule ilikuwa bado ni wilaya ya Mkoa wa Arusha. Mkoa wa Manyara ulikuja kuanzishwa mwaka 2002. Mwenzetu mmoja, mtoto wa seremala kutoka upande wa Kondoa, aliokota mlango wa kabati lililovunjika akaugeuza kuwa meza. Pembeni alipigilia vibao vyembamba mfano wa fremu ya picha. Upande mmoja aliuinua kwa tofali ili meza iiname. Kisha akapigilia misumari ya inchi moja juu ya ubao wote, mingine imesimama peke yake, mingine imezungushwa nusu duara kama zizi lenye mlango juu. Kila zizi liliandikwa alama zake kwa makaa: 10, 20, 50, na moja tu, dogo kuliko yote na lililokingwa na misumari mitatu mlangoni, liliandikwa 100.

Upande wa kulia palikuwa na njia nyembamba, na mwisho wake kijiti kilichofungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ulivuta kijiti, ukaachia, na gololi ikapanda juu, ikajipinda penye kona, halafu ikaanza kuteremka ikigonga msumari huu na ule. Gololi zenyewe zilikuwa za chuma, zilizotolewa katika beringi mbovu. Hazikuwa adimu, maana mji wetu uko juu ya ile barabara kuu ya kaskazini ambayo Waingereza waliiota kuwa itatoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Kairo, na malori yaliyoharibika yalikuwa sehemu ya mandhari ya Babati kama Mlima Kwaraa na viboko wa ziwani.

Sauti ile ya gololi kwenye misumari ningeitambua hata leo nikiwa nimefumba macho. Kila kijana alikuwa na namna yake ya kuvuta. Wengine walichora alama ndogo kwenye kijiti ili wajue wamevuta kiasi gani. Mmoja alilamba kidole kwanza, na hakuna aliyeweza kumshawishi kwamba haikumsaidia. Aliyeshindwa alimchotea maji aliyeshinda. Nilidhani, na nafikiri sote tulidhani, kwamba yule mtoto wa seremala ndiye aliyeubuni mchezo ule duniani.

Ubunifu wake ulikuwa mkubwa kwa sababu hakuwahi kuona mfano wowote. Lakini ulimwenguni mchezo huo ulikuwa na umri wa zaidi ya karne mbili. Asili yake ni biliadi, ambayo Wafaransa waliitoa uwanjani katika karne ya 15, ilipokuwa bado ni mchezo wa kugonga mipira kwenye majani, wakaipandisha juu ya meza. Na ndiyo maana, wanasema wanahistoria, kitambaa cha meza ni cha kijani mpaka leo, kwa ukumbusho wa majani. Katika karne ya 18 matajiri wa Ufaransa walipenda meza nyembamba iliyokuwa na vishimo na vijiti vya kuzuia mpira. Meza hiyo ikaitwa bagateli, kwa jina la jumba la Bagatelle lililojengwa Paris mwaka 1777 na ndugu yake mfalme Louis wa 16. Baadaye vijiti vikawa misumari iliyokazwa, kwa kuwa ilichosha kuvisimamisha upya kila mara.

Mwaka 1871 huko Marekani mtu aitwaye Montague Redgrave alipata hataza ya kuiboresha bagateli. Aliondoa fimbo ya kupigia, akaweka springi ya kusukuma gololi kutoka pembeni. Nilipouona mchoro wa hataza hiyo nilicheka peke yangu: ni meza ya mlango wa kabati, isipokuwa yeye ana springi na sisi tulikuwa na tyubu ya baiskeli.

Kilichofuata kililetwa na shida. Mwaka 1931, katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi, David Gottlieb wa Chicago alitengeneza meza ndogo iitwayo Baffle Ball, iliyowekwa juu ya kaunta za maduka. Kwa senti moja mtu asiye na kazi alipata gololi kadhaa na dakika chache za kusahau njaa. Meza hizo ziliuzwa kwa maelfu. Mmoja wa waliokuwa wakizisambaza, Raymond Moloney, alipoona kiwanda hakiwezi kumtosheleza, alitengeneza yake, Ballyhoo, na jina la kampuni ya Bally likatoka hapo. Mwaka 1933 Harry Williams alitia umeme wa betri katika mashine iitwayo Contact, kengele ikalia gololi ilipotumbukia mahali pake. Huyu Williams ndiye pia aliyebuni kifaa cha kugundua kwamba mchezaji anaitikisa mashine. Ukiitikisa kupita kiasi, mchezo unakufa na fedha yako imekwenda. Mashine ya namna hiyo ndiyo inayoitwa pinboli.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naomba wajumbe wa kamati walisome mara mbili. Mwezi Januari mwaka 1942, meya wa New York, Fiorello La Guardia, alipiga pinboli marufuku. Polisi walikamata mashine, naye meya mwenyewe akashika nyundo akazivunja mbele ya wapiga picha. Nyingine zilitupwa majini. Hoja zake zilikuwa mbili. Kwanza, kwamba nyuma ya mashine hizo walikuwapo majambazi. Pili, kwamba zilikuwa zikiwapokonya watoto wa shule vijisenti walivyopewa na wazazi wao kwa chakula cha mchana. Miji mingine nayo ilikataza, na hata Chicago, zilikotengenezwa, watu hawakuruhusiwa kuzicheza hadi miaka ya sabini.

Je, La Guardia alikosea? Kwa mwaka 1942 mimi sioni kama alikosea sana. Mashine za wakati ule hazikumpa mchezaji njia ya kuiokoa gololi. Ulivuta springi, na baada ya hapo kilichobaki ni misumari na bahati, na mahali pengi aliyepata alama nyingi alilipwa fedha chini kwa chini. Lakini mwaka 1947 fundi wa Gottlieb aitwaye Harry Mabs alitoa mashine iliyoitwa Humpty Dumpty, yenye mikono midogo sita inayosukumwa kwa umeme mchezaji anapobonyeza kitufe. Gololi ilipokuwa ikiteremka, mchezaji aliweza kuipiga ikarudi juu. Tangu siku hiyo mchezo ukawa ni wa jicho na mkono. Sheria ya New York haikuliona badiliko hilo kwa karibu miaka 30. Mwaka 1976 mwandishi wa habari kijana, Roger Sharpe, aliletewa mashine mbele ya wajumbe wa baraza la jiji. Akawaambia mapema mpira wake utapita njia gani, akavuta, na mpira ukapita hapo hapo. Marufuku ikaondolewa. Baadaye alikiri kwamba pigo lile bahati nayo ilimsaidia. Hilo halinisumbui, kwa maana hata bao la kandanda lina bahati yake.

Mashine yenyewe mimi niliiona kwa macho mwaka 2017 tu, serikali iliponipeleka Hungaria kwa mafunzo ya muda mfupi. Budapest wana makumbusho ya pinboli, chini ya ardhi, na mashine zaidi ya 100 zilizowashwa zote kwa pamoja. Kelele yake ni kama stendi ya mabasi siku ya mkesha wa Krismasi. Ukilipa kiingilio unacheza mpaka uchoke. Wenzangu wa mafunzo walikwenda kuona mto na madaraja. Mimi nilisimama jioni nzima mbele ya mashine ya mwaka 1992 iitwayo The Addams Family, ambayo Bally waliuza zaidi ya 20,000, na mpira wangu wa kwanza haukudumu nusu dakika. Kwenye saa ya pili nilianza kuelewa kwamba si vizuri kubonyeza kila mara. Unausubiri mpira ushuke mpaka ncha ya mkono, ndipo unaupiga. Kuvuta springi, hata hivyo, hakuna aliyehitaji kunifundisha.

Mtu atauliza, kwa nini mashine hizi hazikuonekana Babati? Jibu la haraka ni umaskini, lakini majibu ya haraka aghalabu huwa nusu. Pinboli inahitaji umeme usiokatika, fundi anayejua nyaya zake, vipuri kutoka Chicago, na sarafu isiyopoteza thamani kila mwaka. Miaka ya sabini na mwanzo wa themanini, mashine hizo zilipokuwa katika kilele cha sifa, nchi yetu haikuwa na fedha za kigeni hata za dawa na vipuri vya matrekta. Nani angepewa kibali cha kuagiza mchezo? Televisheni yenyewe haikuanza kurusha matangazo Tanzania Bara mpaka mwaka 1994. Milango ya biashara ilianza kufunguliwa mwaka 1984, ikafunguka zaidi baada ya mwaka 1986 chini ya Mzee Mwinyi, na hapo pinboli ilikwisha anza kusukumwa kando na michezo ya video. Mwaka 1999 hata kampuni ya Williams iliacha kuzitengeneza. Sisi tulifika sokoni duka likifungwa.

Iliyokuja badala yake ni ndugu yake wa damu. Nasema wa damu kwa sababu pool na pinboli ni matawi mawili ya shina moja la biliadi, moja limeshika fimbo na jingine limeshika springi. Meza ya kwanza ya pool niliyoiona mimi hapa mjini ilifika mwaka 1996, nikiwa kidato cha tatu. Ililetwa juu ya lori kutoka Arusha, imefungwa magodoro, na ikateremshwa na wanaume wanane, maana chini ya kitambaa kile kuna bamba la jiwe. Iliwekwa barazani kwa duka moja karibu na stendi. Jumamosi alasiri, tuliporuhusiwa kwenda mjini, tulisimama pale kwa zamu.

Uzuri wa meza ile, na ndiyo sababu ya kuenea kwake nchi nzima, ni kwamba ni mashine isiyohitaji umeme. Unaweka sarafu ya shilingi 100 kwenye kidude cha chuma, unakisukuma ndani, na mipira inaporomoka kwa ngurumo kama mawe ya mvua juu ya bati. Mipira yenye namba ukiitumbukiza inateremka katika mfereji wa ndani na kufungiwa humo mpaka mtu atie sarafu nyingine. Lakini ule mweupe ukitumbukia kwa bahati mbaya unarudi kwa mchezaji. Tulibishana wiki nzima juu ya jambo hilo: meza inaujuaje mweupe? Wengine walisema sumaku. Mwisho mwenye duka aliifungua meza kuitoa sarafu iliyokwama, tukachungulia. Mpira mweupe wa meza ile ulikuwa mdogo kidogo kuliko wenziwe, na ndani ya mfereji palikuwa na kilango ambacho wakubwa hawakupita na mdogo alipita. Basi.

Mwalimu wetu wa fizikia alikuwa amesimama nyuma yetu siku hiyo na mfuko wake wa sukari. Hakumkaripia mtu. Jumatatu aliingia darasani, akachora mstatili ubaoni, akaweka mpira kando ya ukingo na mwingine katikati, akauliza: tupige wapi ukutani ili mpira urudi na kuugonga huu? Nusu ya darasa ilinyosha mikono, na baadhi yao hawakuwa wamenyosha mkono katika fizikia tangu kidato cha kwanza. Pembe ya kuingia ni sawa na pembe ya kutoka.

Na neno hilo, pembe, linanirudisha nyuma miaka 150. Kabla ya plastiki mipira ya biliadi ilichongwa kwa pembe za ndovu, na pembe moja ilitoa mipira mitatu hadi mitano tu iliyo bora, kwa kuwa lazima uchongwe katikati kabisa ya pembe ili uzito wake usielemee upande mmoja. Katika karne ya 19 soko kubwa la pembe katika Afrika Mashariki lilikuwa Unguja. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na mabepari wa Kimarekani walisafirisha pembe kutoka Unguja hadi jimbo la Connecticut, ambako mpaka leo kuna kijiji kiitwacho Ivoryton, yaani mji wa pembe za ndovu. Huko viwanda vilichonga vitana, vibao vya piano, na mipira ya biliadi. Pembe zilitoka bara mabegani mwa wapagazi, kila mmoja na mzigo wa frasila mbili hivi, karibu kilo 32. Njia iliyojaa vitabuni ni ile ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji. Lakini iko nyingine iliyotoka Pangani na kufika Irangi, ambako Kondoa ilikuwa kituo cha misafara na makazi ya wafanyabiashara wa pwani. Kondoa ni jirani yetu wa kusini. Leo kwa lami, iliyozinduliwa Aprili mwaka 2018, ni safari ya muda mfupi.

Yaani wakati mabwana wa Paris, London na New York walipokuwa wakisugua fimbo zao chaki, walikuwa wakigongesha ndovu wa nyika za huku. Tembo waliadimika na bei ikapanda mno, hata mwaka 1863 kampuni moja ya biliadi ya Marekani iliahidi dola 10,000 kwa yeyote atakayepata kitu badala ya pembe. John Wesley Hyatt, akishughulikia tatizo hilo, aligundua seluloidi mwaka 1869, na plastiki za dunia zikaanza safari yao hapo. Mipira ya leo ni ya aina nyingine ya plastiki ngumu. Ndovu waliosalia upande wetu tumewawekea Hifadhi ya Tarangire tangu mwaka 1970, na wangali wakivuka Kwakuchinja kuelekea Ziwa Manyara, wakila mahindi ya watu njiani. Ningependa mwalimu wa historia awaeleze vijana hayo wakiwa wameuzunguka ule mweupe mkononi mwake. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba mchezo huu hautuhusu.

Lakini sitaki kujifanya siioni hofu ya wazee. Serikali zetu zimeutazama mchezo wa meza kwa jicho la mashaka kwa muda mrefu. Sheria ya Nguvu Kazi ya mwaka 1983 ilitaka kila mtu mwenye nguvu awe na kazi halali, na walioonekana kukaa bure mijini walikusanywa. Mwaka 2016 viongozi wa ngazi mbalimbali walitangaza kwamba vijana watakaokutwa wakicheza pool saa za kazi wakamatwe. Mimi ni mtumishi wa serikali, na maagizo ya namna hiyo yamewahi kupita mezani kwangu. Nilichojifunza ni kwamba agizo huiona meza kwa urahisi kuliko linavyouona ukosefu wa kazi. Kijana anayecheza saa nne asubuhi, ukimwondolea meza, saa nne na robo yuko pale pale kwenye baraza, isipokuwa sasa hana la kufanya. Hata hivyo ni kweli kwamba pool huchezwa kwa dau, na nimeona mtu akiacha pale mshahara wa wiki.

Hatari ya leo, kwa maoni yangu, si meza ya kijani. Wajumbe watembee tu mitaani wakatazame mashine zinazoitwa dubwi, zile zenye picha za matunda na taa zinazozunguka. Ziko nje ya maduka ya mangi, zinakula sarafu ya shilingi 200, na mchezaji hana analofanya zaidi ya kubonyeza. Kiasi ambacho mashine itarudisha kimekwisha pangwa ndani yake. Hakuna jicho wala mkono utakaokibadili. Hii ndiyo mashine ya La Guardia ya mwaka 1942, imerudi ikiwa na rangi mpya. Kenya, mwaka 2018, iliteketeza kwa moto mashine za namna hiyo zilizokamatwa. Hapa kwetu Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuisimamia michezo hiyo, na inakataza wenye umri chini ya miaka 18 wasicheze. Sheria ipo. Mwaka jana, mchana wa siku ya kazi, nilimkuta mtoto wa sare ya shule, hakufika kidato cha pili, amesimama mbele ya dubwi na sarafu nne kiganjani. Nilimwuliza za nini. Akanijibu kwa adabu, "Shikamoo mzee, ni za nauli." Nikamwuliza tena, mchezo huu unashindaje? Akafikiri, akasema, "Inategemea yenyewe inavyotaka."

Hapo ndipo mpaka ulipo, na kijana yule aliueleza vizuri kuliko baraza la jiji la New York. Katika meza ya misumari bwenini tuliweza kuchora alama kwenye kijiti. Katika pool unaweza kukosa leo, ukaelewa kwa nini, ukapiga kesho. Mtoto aliyezoea kuuliza "nipige wapi?" hatarubuniwa kwa urahisi na kitu kinachofanya kinavyotaka. Huo si uhakika wa kisayansi, ni imani yangu, lakini nimeijenga kwa kuwatazama wenzangu wa darasa lile la fizikia, ambao majina yao mengi mnayasoma katika orodha ya wachangiaji.

Kwa hiyo naliunga mkono pendekezo, kwa masharti. Kidude cha sarafu kiondolewe kabla meza haijaingia getini, mipira irudi yenyewe bila malipo, na pasiwe na dau la aina yoyote, hata la mandazi. Ufunguo wa chumba ukae kwa mwalimu wa zamu, na saa ziwe za jioni na mwisho wa juma. Wasichana wapewe zamu zao sawa na wavulana, kwani shule si ya wavulana peke yao tena kama enzi zetu. Kadhalika naomba karakana ya shule ipewe mbao na misumari kidogo, vijana watengeneze meza za bagateli wenyewe. Gharama yake haifikii hata posho ya kikao kimoja cha kamati yetu, na ninasema hivyo kwa heshima zote.

Kuhusu mahali, nimesikia ikisemwa kwamba bwalo halina nafasi. Mwezi Juni nilipita shuleni nikakitazama kile chumba cha upande wa kusini, kilichokuwa stoo ya majembe. Meza ya futi saba inahitaji mita moja na nusu hivi kila upande ili mchezaji aweze kurudisha fimbo nyuma bila kugonga ukuta. Nilikipima kwa hatua. Urefu unatosha, upana unatosha pia ikiwa kabati la chuma litahamishwa, na sakafu inahitaji kusawazishwa kwenye kona ya dirishani, maana niliweka gololi hapo chini ikaviringika yenyewe hadi mlangoni.